Bei ya Mwisho Anaijua Bosi

Msikilizaji, chukua duka lolote la viatu katika maghorofa ya biashara ya katikati ya Kigali, tuseme pale CHIC au ile mitaa ya Matheus. Mteja anaingia. Binti wa duka ameketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta, simu mkononi. Anainua macho, anayarudisha kwenye kioo. Mteja anachukua kiatu, anakigeuza kutafuta bei kwenye soli, haioni. Anauliza. Anaambiwa elfu thelathini. Anauliza bei ya mwisho, kama yeyote kati yetu angeuliza, na hapo ndipo binti anapoamka, kwa sababu sasa lazima ampigie bosi. Simu inaita, bosi hapokei. Mteja anasimama kidogo, anatazama saa, anakirudisha kiatu mahali pake na kuondoka. Binti anarudi kwenye simu yake, na safari hii hamtafuti bosi.

Ukitoka nje ya jengo hilohilo, kabla hujafika barabarani kijana ameshakuwahi. Boss, karibu, unatafuta nini, suruali, viatu vya ngozi, vya watoto? Amejua ukubwa wa mguu wako kwa kukutazama. Ukisema huna haja, atakufuata hatua kumi. Ukisita, atakushika mkono wa koti. Huyu ni mmoja wa wale tunaowaita abakomisiyoneri, ambao Kariakoo, Dar es Salaam, wangeitwa mawinga: hana duka, hana mzigo, hana mshahara, anakula kile cha juu anachoongeza juu ya bei ya mwenye mali. Hoja yangu ya leo imekaa kati ya watu hawa wawili. Umri wao ni mmoja, lugha yao moja, huenda wamesoma shule zinazofanana na wamekulia kwenye mlima mmoja. Mmoja hainuki kitini, mwingine hakuachii upumue. Anayetaka kunieleza tofauti hiyo kwa tabia za Wanyarwanda, au kwa malezi, au kwa uvivu wa vijana wa siku hizi, ana kazi ngumu. Mimi naieleza kwa jambo moja lililo wazi zaidi, nalo ni mapatano kati ya muuzaji na mwenye duka: anapata nini mali ikiuzwa, anaruhusiwa kuamua nini, na anaogopa nini.

Nalisema hili kwa sababu kwa miaka mingi tumekuwa tukilitibu gonjwa hili kupitia usoni. Kigali imelichukulia suala la huduma kwa wateja kama jambo la taifa. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliendesha kampeni iliyoitwa Na Yombi, yaani kumpokea mtu kwa mikono miwili. Sandra Idossou, mwanamke mwenye asili ya Benin, alianzisha hapa jarida zima la fani hiyo, The ServiceMag. Kila Oktoba inapofika wiki ya wateja, benki na kampuni za simu huvalisha wafanyakazi fulana mpya na kukata keki, na mteja aliyekwenda kulalamikia makato ya akaunti hurudi nyumbani na puto. Sizibezi juhudi hizo. Nchi ambayo Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya Doing Business ya 2019, iliipa nafasi ya 29 kati ya nchi 190 kwa wepesi wa kufanya biashara ilikuwa na haki ya kujiuliza kwa nini kusajili kampuni ni rahisi kuliko kuuziwa shati. Lakini tazama mafunzo hayo yanafundisha nini: tabasamu, salamu, kusimama wima, kumtazama mteja machoni. Binti wetu wa viatu anayajua yote hayo. Aliyafanya wiki ya kwanza ya kazi. Kisha akagundua kwamba akiuza jozi ishirini au jozi mbili, mwisho wa mwezi bahasha ni ileile, na akiuza jozi ishirini miguu inamuuma zaidi. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna semina inayoweza kuufanya ulambwe.

Kwamba malipo hubadilisha jinsi mtu anavyompokea mwenzake si dhana ya kuletewa kutoka mbali, Rwanda imeipima. Kuanzia 2006 serikali ilieneza mpango wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi vinayoifanya: fedha kadhaa kwa kila mama aliyejifungulia kituoni, fedha kadhaa kwa kila mtoto aliyeletwa kuchunguzwa. Paulin Basinga na wenzake walifuatilia vituo 166 na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Kilichonivutia ni namna walivyolinganisha. Vituo ambavyo havikuwa bado kwenye mpango vilipewa kiasi kilekile cha fedha kwa wastani, ila bila kufungamanishwa na kazi. Kwa hiyo wingi wa fedha haukuwa tofauti. Tofauti ilikuwa kamba inayounganisha fedha na mgonjwa aliye mbele yako. Na bado, katika vituo vyenye kamba hiyo, akina mama waliojifungulia kituoni waliongezeka kwa asilimia 23, na ziara za watoto wa chini ya miaka miwili kwa asilimia 56. Wauguzi hawakubadilishwa, wala utamaduni haukubadilika. Niseme pia upande wa pili wa utafiti huo, kwa kuwa hupenda kusahauliwa: idadi ya wajawazito waliokamilisha ziara nne za kliniki haikupanda, wala ya watoto waliokamilisha chanjo. Malipo husukuma pale yalipoelekezwa, na pale ambapo mlipwaji ana uwezo wa kufanya kitu. Kumbuka sharti hilo, tutalihitaji.

Mfano wa pili uko mfukoni mwa kila msikilizaji. Mashine za risiti za EBM zililetwa mwaka 2013, na kwa miaka mingi mamlaka ya mapato ilituhimiza tudai risiti kwa ajili ya kuijenga nchi. Tulisikia, tukaitikia, na muuzaji aliponong'ona kwamba bila risiti bei inashuka, tukanunua bila risiti. Kisha mwaka 2024 serikali ikaanza kumrudishia mnunuzi asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani iliyomo kwenye risiti yake. Hesabu yake ni ndogo: bidhaa ya faranga 11,800 ina kodi ya 1,800, na wewe unarudishiwa 180, haitoshi hata nauli ya pikipiki. Hata hivyo serikali iliona kwamba wito wa uzalendo unahitaji faranga nyuma yake. Mwenye duka naye angeweza kuliona hilo kwa binti wake.

Ila nisieleweke kwamba nazungumzia komisheni peke yake. Rudi kwenye ile simu kwa bosi. Binti hakushindwa kuuza kwa kukosa tabasamu. Alishindwa kwa sababu bei ya mwisho haikuwa yake kuitaja. Mwenye duka hakumwamini. Anahofu kwamba akimwambia kiatu kinaweza kushuka hadi elfu ishirini na tano, binti atakiuza elfu thelathini na kutia tano kibindoni. Hofu hiyo ina msingi, hutokea. Lakini dawa aliyoichagua inamgharimu kila mteja anayekuja wakati yeye yuko benki, au msibani, au kwenye basi la Kampala akifuata mzigo. Na mteja anajifunza haraka. Akishajua kwamba anayemhudumia hana neno la mwisho, haoni sababu ya kuzungumza naye. Ataomba namba ya bosi, na binti atabaki kuwa mlinzi wa viatu. Mtu aliyefanywa mlinzi hufikia wateja kwa namna ya mlinzi. Ndiyo sababu katika maduka mengine shida ni kinyume cha uzembe: mfanyakazi anakufuata rafu hadi rafu, mikono nyuma, hasemi kitu, ukishika chupa ya manukato naye anasogea. Umeshapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, umeshaacha begi na kupewa kibao chenye namba, na bado kuna macho mgongoni. Wengi huudhika na kumwona hana adabu. Waulize kwanza bidhaa ikipotea nani anayekatwa. Pale ambapo upungufu wa mali unatoka kwenye mshahara wa mfanyakazi, kila mteja anayeingia ni hasara inayoweza kutokea kabla ya kuwa faida, na hiyo faida si yake.

Sasa nenda sokoni Kimironko, upande wa vitenge. Mama mwenye meza hajahudhuria semina yoyote. Ukisimama tu, ameshafungua vitenge vitatu, kimoja cha bei unayoweza, kimoja cha bei unayotamani, na kimoja cha kukufanya uone kwamba kile cha kwanza hakitoshi. Anakuuliza ni cha sherehe au cha kuvaa nyumbani. Fundi cherehani yuko hatua chache, na ukitaka atamwita akupime hapohapo. Bei anaijua yeye, kupunguza anapunguza yeye, na akikosea anakula hasara yeye. Hata mteja asiponunua, mama huyu humwachia jina lake, kwa kuwa anajua atarudi. Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1978 juu ya soko la Sefrou nchini Morocco kwamba katika masoko ya namna hii kitu adimu kuliko vyote ni taarifa: nani ana kitu gani, cha ubora gani, kwa bei gani ya kweli. Watu huitatua adha hiyo kwa kufungamana, mnunuzi na muuzaji wake, miaka nenda miaka rudi. Binti wa mshahara wa bahasha hawezi kufungamana na mtu yeyote. Hana bei, hana ahadi, na mwezi ujao huenda hayupo.

Kuna watakaonijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na watakaoongeza kwamba Mnyarwanda ni mtu wa staha, hapendi kupapatikiwa na mgeni dukani, na kwamba ukimya wa muuzaji ni heshima. Naikubali nusu ya hoja hii. Namna ya kumfikia mtu ni ya mahali, haichukuliwi dukani kwa wengine. Kampuni ya Walmart ya Marekani iliingia Ujerumani mwaka 1997 na wasalimiaji wake wa mlangoni na tabasamu la lazima. Wajerumani waliona ajabu kuchekewa na mtu wasiyemjua, na mwaka 2006 kampuni ilifunga virago, ingawa ushindani wa bei ndio ulioiumiza zaidi. Hapa kwetu anayeanza na bei kabla ya salamu ameshakosea, anayepaza sauti ameshakosea, na huko Nyamirambo na Biryogo salamu huenda ikawa ya Kiswahili kabla ya Kinyarwanda bila yeyote kushangaa. Staha ni jinsi ya kufika kwa mteja. Haimzuii mtu kufika. Mama wa vitenge ni Mnyarwanda kamili na ana staha zote. Na yule komisiyoneri mwenye kushika watu makoti, staha aliyolelewa nayo imeshindwa na njaa ya siku ile, jambo linaloonyesha kwamba utamaduni ukiachwa peke yake ushindane na tumbo hauendi mbali.

Hoja nzito zaidi ni inayonigeuzia komisiyoneri huyohuyo. Ukimlipa muuzaji kwa kila anachouza, wataniambia, utamgeuza kila binti wa duka kuwa kero, tena mwongo. Ni kweli inaweza kutokea, na imetokea kwa wakubwa. Mwaka 1992 maafisa wa jimbo la California waliishitaki kampuni ya Sears kwamba karakana zake za magari zilikuwa zikiwauzia watu matengenezo yasiyohitajika. Waliopokea magari walikuwa wakilipwa kwa komisheni na kuwekewa malengo ya mauzo. Sears iliondoa komisheni ile. Lakini angalia komisiyoneri na mpokea magari yule wa California wanafanana wapi: wote wawili walifanya kazi gizani. Mteja hakuweza kujua gari lake lina ubovu gani, na mteja wa Matheus hawezi kujua bei ya kweli ya suruali. Komisheni penye giza huzaa wizi. Kwa hiyo taa iwashwe kwanza, na taa yenyewe ni karatasi ndogo yenye bei. Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Bon Marché jijini Paris mwaka 1852, alijulikana kwa kufanya mambo kadhaa kwa pamoja: bei zikabandikwa na zikawa moja kwa kila mtu, mteja akaruhusiwa kuingia na kutoka bila kununua na kurudisha kisichomfaa, na wauzaji wakapewa fungu katika walichouza. Vipande hivyo vilishikana. Bei ikiwa imeandikwa, muuzaji hawezi tena kupata riziki yake kwa kumlalia mteja. Inabaki njia moja ya kuongeza fungu lake, kumsaidia mtu apate kile kinachomfaa upesi ili amwendee mwingine. Sisi tumechukua komisheni tukaipeleka barabarani, kwa komisiyoneri, penye giza totoro, na ndani ya duka tukaacha mshahara mkavu.

Na kama mwenye duka hataki kuacha kupatana bei, maana wateja wetu wengi hawalali bila kupunguziwa, basi ampe binti mpaka. Aandike elfu thelathini, amwambie mpaka ishirini na saba unaruhusiwa, chini ya hapo nipigie. Hilo tu lingeokoa mauzo mengi kuliko kampeni nzima. Wauzaji wa Instagram nao wangefaa kulisikia, wale wanaoweka picha ya gauni na kujibu kila anayeuliza bei kwamba aje inbox, kana kwamba ni siri ya ndoa.

Wapo wanaosema muuzaji mwenyewe ni wa zamani, kwamba dunia inakwenda kwenye kujihudumia. Clarence Saunders alifungua duka la kwanza la Piggly Wiggly kule Memphis mwaka 1916, mteja ajichukulie mwenyewe rafuni, na Kigali nayo ilijifunza kutembea na kikapu hasa supamaketi ya Nakumatt ilipofungua milango yake katika jengo la UTC mwaka 2008, saa 24. Nakumatt imekufa, kwa madeni, na Simba na nyingine zimeendelea na mtindo ule. Kwa sukari na sabuni sina ubishi. Ila friji ina swali la umeme inaokula, simu ina swali la kama ni halisi, kiatu lazima kivaliwe. Hapo bado mtu anahitaji mtu.

Linabaki suala la gharama, na wafanyabiashara wadogo wana haki ya kuliuliza. Kodi ya fremu mjini ni kubwa, mzigo unapanda na dola, faida nyembamba. Fungu la muuzaji litoke wapi? Kwanza tukumbuke tunaanzia wapi. Kima cha chini cha mshahara kilichoandikwa kisheria nchini kimebaki faranga 100 kwa siku, kiwango cha miongo iliyopita kisichonunua hata soda, kwa hiyo mshahara wa binti wa duka unaamuliwa na huruma ya bosi na wingi wa wanaotafuta kazi. Pili, fungu halitoki kwenye mauzo ya jana, linatoka kwenye jozi ambayo ingerudi rafuni. Tuseme kiatu kile cha elfu thelathini kina faida ya elfu sita, na binti anapewa mia tano kwa kila jozi. Mteja aliyeondoka wakati simu inaita alikwenda na elfu tano na mia tano za bosi. Na lile sharti la vituo vya afya linarudi hapa: mia tano hiyo haitamwinua binti kitini kama hana bei ya kutaja na hajui kiatu ni ngozi au plastiki. Atakuwa kama wale wauguzi na ziara nne za kliniki, amelipwa kwa jambo lisilo mikononi mwake.

Mwenye duka mmoja akianza kubandika bei peke yake ataogopa jirani asije akaisoma na kushusha faranga mia tano, na hofu hiyo naielewa, kwa kuwa katika maghorofa yetu maduka kumi yenye viatu vya aina moja hupakana ukuta kwa ukuta. Ndiyo maana ningependa jambo hili lianzie kwa wenye majengo. Wao ndio wanaoamua saa za kufungua, wanaoweka walinzi na mashine za ukaguzi mlangoni, wanaotoza faini kwa anayemwaga maji koridoni, na hakuna mpangaji anayebishana nao. Wakitia kwenye mkataba wa fremu sharti kwamba kila kilicho rafuni kiwe na bei, wapangaji wote watabandika kwa siku moja na hakuna atakayetangulia kuumia.